Siku tatu Addis Ababa: usibaki Bole, panda mlima

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni mwalimu wa historia, nafundisha sekondari hapa Tanga. Nimechaguliwa kwenda semina Addis Ababa. Semina inaisha Alhamisi jioni, na ndege yangu ya kurudi ni Jumapili saa 23:00, kwa hiyo nina siku tatu zangu mwenyewe. Waliotangulia wananiambia mji ule hauna lolote, ni majengo ya Umoja wa Afrika, foleni na baridi, bora nilale hotelini nipumzike. Ni kweli? Jambo la pili, mimi ni Mwislamu, pombe sinywi, na nyama nisiyomjua mchinjaji sili. Nitakula nini siku zote hizo?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Hao waliotangulia hawakudanganyi, wanakueleza walichokiona. Mgeni wa semina hushushwa uwanja wa ndege wa Bole, hulazwa hotelini Bole, basi likamchukua asubuhi hadi ukumbini na kumrudisha jioni. Bole ni vioo, zege na maduka ya simu. Mtu akikufumba macho akakufumbua pale, hutajua uko mji gani. Mimi nimeishi Addis miaka kumi na mmoja nikifanya ukalimani na kutembeza wageni, na kila anayeniuliza namjibu neno moja: panda. Mji huu ulizaliwa mlimani ukateremka bondeni. Anayebaki bondeni ameona mkia tu.

Mfalme Menelik wa Pili alikuwa na kambi yake juu ya vilima vya Entoto, kwenye baridi na upepo. Mkewe, Taytu Betul, alipenda kushuka chini kwenye chemchemi za maji moto za Filwoha, na mwaka 1886 akajengewa nyumba huko huko bondeni. Watu wa ikulu wakamfuata mama, mji ukawafuata watu. Jina pia alilitoa yeye: addis ni -pya, abeba ni ua. Waoromo, ambao walikuwapo kabla ya kambi yoyote, wanapaita Finfinne mpaka leo, na ukikaa na watu vizuri utaona kuwa jina unalolichagua ni siasa. Wewe sikiliza tu.

Kabla ya kuanza kutembea, nikuondolee hofu ya lugha na saa, maana hapo ndipo Mswahili anapoingia mjini kwa mlango ambao Mzungu hauoni. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi. Jua likichomoza siku imeanza, na saa moja asubuhi ni saa moja kwao na kwetu. Niliwahi kuwa na mgeni kutoka Nairobi, mtu wa ofisi, aliyekubaliana na dereva kwa Kiingereza wakutane saa mbili. Dereva akatafsiri kutoka kichwani mwake kwa Kiamhari, mgeni akaelewa kwa Kiingereza. Dereva akafika saa mbili asubuhi, akasubiri, akaondoka. Mgeni akashuka na begi lake saa nane mchana, akanipigia simu akilalamika kwamba watu wa huku hawajali ahadi. Wangezungumza kwa Kiswahili na Kiamhari, wasingepotezana hata dakika moja! Tiketi ya ndege tu ndiyo inayofuata saa za kizungu. Kalenda yao ndiyo itakayokuchanganya: ina miezi 13, iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane, na mwaka mpya huingia Septemba 11. Ukiona stakabadhi ina mwaka wa ajabu, usidhani umepewa ya zamani.

Maneno nayo. Sita ni sidist, saba ni sebat. Alhamisi ni hamus. Kahawa wanaiita buna, na wewe kwenu pwani bado mnasema buni. Kiamhari ni ndugu wa Kiarabu, na Kiswahili kimechota kwa Kiarabu, basi binamu hawa wanakutana barabarani bila kutarajia. Nitakuonyesha wengine mbele.

Ijumaa iweke kwa barabara moja tu. Inaanza Arat Kilo na kupanda hadi Sidist Kilo. Kilo hapa ni kilomita, kwa hiyo majina hayo ni kilomita ya nne na ya sita, na katikati kuna Amist Kilo, ya tano. Nenda kwa miguu lakini polepole. Addis iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Lushoto yenu kwa karibu mita 1,000, na wewe unatoka usawa wa maji kabisa. Siku ya kwanza utahema ukipanda ngazi tano. Huumwi, hewa ni nyepesi tu. Na uchukue sweta zito, kwa sababu jua la mchana linakudanganya, likizama tu meno yanagongana.

Karibu na Arat Kilo kuna Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu. Humo amezikwa Haile Selassie pamoja na mkewe, Menen. Mfalme alifia mikononi mwa Derg, kamati ya wanajeshi waliompindua, mwaka 1975, na mazishi yake yakafanyika Novemba 2000. Robo karne kati ya kifo na kaburi. Nje, uani, tafuta kaburi la Mwingereza Sylvia Pankhurst, mwana wa ile familia iliyopigania kura ya wanawake Uingereza. Aliitetea Ethiopia dhidi ya Mussolini kwa kalamu yake miaka mingi, akahamia, akafia huku mwaka 1960. Makanisani watu huvua viatu, na wanawake hujifunika kichwa, mambo ambayo kwako hayana mafunzo mapya.

Panda sasa hadi Makumbusho ya Taifa, Amist Kilo. Jengo halivutii, taa hafifu, maelezo mengine yamefifia. Wageni wengi hutumia dakika ishirini wakatoka. Wewe teremka chini kwa Lucy, mifupa ya jamaa yetu wa kale, ukae. Alichimbuliwa Novemba 24, 1974 huko Hadar, jimbo la Afar, na umri wake ni miaka milioni 3.2. Jina la Lucy lilitoka kwenye wimbo wa Beatles uliokuwa ukipigwa kambini usiku ule. Waethiopia wao wanamwita Dinkinesh, yaani wewe ni wa ajabu. Mifupa unayoiona ni nakala, ile ya asili imehifadhiwa stoo. Hilo lisikuvunje moyo. Kinachogusa ni kimo: mtu mzima, na bado angekufikia kiunoni au juu yake kidogo.

Sasa sikiliza jambo ambalo maandishi ya pale hayatakueleza kwa msisitizo, na ambalo ningekuwa mwalimu wa Tanga ningerudi nalo darasani. Mwaka 1978 wanasayansi walipoipa spishi ya Lucy jina, waliiita Australopithecus afarensis, kwa heshima ya Afar. Lakini spishi ikipewa jina lazima pawepo kielelezo kimoja kinachoshika jina hilo, kile ambacho vingine vyote hulinganishwa nacho. Hawakumchagua Lucy. Walichagua taya la Laetoli, kule Ngorongoro, linalojulikana kama LH 4, lililookotwa mwaka 1974 na Maundu Muluila, mmoja wa wasaka visukuku hodari wa timu ya Mary Leakey. Jina la Ethiopia, taya la Tanzania. Na ni Laetoli hiyo hiyo ilikopatikana mistari ya nyayo zilizokanyaga majivu ya volkano miaka zaidi ya milioni 3.6 iliyopita. Kwa hiyo ukisimama mbele ya kile kioo, unamtazama ndugu wa wale waliopita kwetu. Mimi kila nikifika na Watanzania huwa nasubiri mtu aulize. Wengi hupiga picha tu.

Ukitoka hapo, kilomita ya sita. Katikati ya mzunguko wa Sidist Kilo kuna mnara mweupe wa Yekatit 12. Hiyo ni tarehe ya Kiethiopia, kwa kalenda yetu ni Februari 19, 1937. Siku hiyo vijana wawili, Abraha Deboch na Moges Asgedom, walimrushia mabomu Graziani, gavana wa Kiitaliano, kwenye hafla iliyofanyika katika eneo la ikulu jirani na hapo. Graziani alijeruhiwa akapona. Waitaliano wakafungulia mauaji mjini kwa siku tatu. Serikali ya Ethiopia ilitaja watu 30,000, watafiti wengine wanataja pungufu. Zunguka mnara uone picha zilizochongwa, hazihitaji mkalimani.

Ikulu yenyewe sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Addis Ababa. Haile Selassie aliitoa kwa chuo baada ya jaribio la mapinduzi la Desemba 1960, ambapo vigogo wake walipigwa risasi ndani ya ukumbi mmoja wa humo humo. Mbele ya mlango utaona ngazi ya zege inayojizungusha kwenda juu, haifiki popote, inaishia hewani. Waitaliano waliijenga, kila kidato mwaka mmoja wa utawala wa Mussolini tangu 1922. Walipofukuzwa mwaka 1941, Waethiopia hawakuibomoa. Walipanda juu yake wakamweka simba wa Yuda, nembo ya wafalme wao, mdogo tu, kwenye kidato cha mwisho kana kwamba anasema basi, imetosha. Mimi katika mji huu sijaona jibu la kisiasa zuri kuliko hilo, na halina neno hata moja.

Ndani ni makumbusho ya utamaduni, na kwa maoni yangu ndiyo bora nchini. Hayakupangwa kwa makabila, yamepangwa kwa maisha ya mtu: kuzaliwa, michezo ya watoto, ndoa, kazi, vita, kifo na baada ya kifo. Unapita chumba hadi chumba kama unayezeeka. Kisha, bila kuonywa, unaingia chumba cha kulala cha mfalme na bafu la malkia. Juu kuna ala za muziki, misalaba na picha takatifu zenye yale macho makubwa. Tenga saa mbili na nusu, usiniambie huna muda.

Mchana wa Ijumaa utakuwa na njaa, na hapa ndipo swali lako la chakula linapojijibu. Wakristo wa Orthodox wa Ethiopia hufunga kila Jumatano na Ijumaa, isipokuwa zile siku hamsini baada ya Pasaka, achilia mbali Kwaresima yao ya siku 55. Na kufunga kwao ni kuacha kila kitokacho kwa mnyama: nyama, maziwa, siagi, yai. Kwa hiyo siku ya Ijumaa mikahawa karibu yote ina chakula kisicho na mnyama wa aina yoyote ndani yake. Mwambie mhudumu neno moja, yetsom. Tsom, Mwalimu. Saumu. Umeagiza chakula cha saumu kwa neno ulilolijua tangu chuoni ukiwa mtoto.

Kitakachokuja ni sinia, na juu ya sinia injera, kama chila kubwa la duara, laini, lenye matundu na uchachu wa unga wa teff, nafaka ya huku, uliolala siku kadhaa. Juu ya injera wamepanga mafungu: adesi nyekundu ya berbere inayowasha, njegere za manjano zisizo na pilipili, shiro ya unga wa dengu, nzito kama uji, sukuma, bitiruti, kabichi na karoti. Kijiko hakipo. Unakata injera kwa mkono wa kulia, unachota. Mwenyeji wako akikunja tonge akalielekeza mdomoni mwako, usirudi nyuma, hiyo ni gursha, heshima, na ukubwa wa tonge ni ukubwa wa mapenzi. Nimeona mabosi wazima machozi yakiwatoka kwa tonge moja.

Siku zisizo za mfungo fahamu hivi. Huku nyama ina dini. Mkristo hali nyama ya Mwislamu, Mwislamu hali ya Mkristo, na hakuna anayenuna. Mabucha huwekwa alama, msalaba au mwezi, wala hutaonekana wa ajabu ukiuliza, wenyewe wanaulizana. Ukitaka wali na mbuzi bila maswali, nenda mtaa wa Bole Mikael wenye Wasomali wengi, karibu kabisa na hoteli yako. Ukialikwa nyumbani kwa Mkristo, omba yetsom hata kama ni Jumamosi. Wataelewa kabla hujamaliza kusema. Kitu kimoja tu ukichunge: tej, ile inayoletwa kwenye chupa ya shingo nyembamba iitwayo berele, rangi kama sharubati. Ni pombe ya asali. Sura yake haina hatia.

Jumamosi asubuhi shuka Piassa. Sitakuficha, sehemu kubwa ya Piassa ya zamani ilibomolewa mwaka 2024 kupanua barabara na kupendezesha mji. Vijana wanasema sasa kuna pa kutembea na taa usiku. Wazee wanatafuta kona walizozoea wasizione. Mimi niko upande wa wazee, ingawa nakiri mifereji ilikuwa inanuka. Kilichobaki kinatosha: kanisa la Mtakatifu George lenye pande nane, lililojengwa kama kumbukumbu ya ushindi wa Adwa dhidi ya Waitaliano wa Machi 1, 1896, na sanamu ya Menelik juu ya farasi karibu nalo, na jumba jipya la kumbukumbu ya Adwa lililofunguliwa Februari 2024. Ukifundisha Majimaji, ingia humo. Wanafunzi wetu hujifunza mataifa yaliyopigana yakashindwa, hapa kuna yaliyopigana yakashinda, na sababu si uchawi wala bahati: bunduki zilizonunuliwa mapema, jeshi kutoka kila pembe ya nchi, na Taytu. Huyo huyo wa chemchemi. Kabla ya Adwa, Waitaliano walipojifungia ndani ya ngome ya Mekelle, ushauri wa kukamata chanzo cha maji yao ulikuwa wake. Wakatoka kwa kiu. Wasichana wa kidato cha tatu wapewe habari hiyo.

Merkato ni magharibi ya hapo. Waitaliano waliihamishia huko soko la wenyeji ili wao wabaki na Piassa, na leo Merkato inahesabiwa miongoni mwa masoko makubwa kabisa ya Afrika. Wewe umeshaiona Kariakoo, kwa hiyo msongamano hautakutisha. Nenda na mwenyeji, mkoba mbele, simu ndani. Mwambie akupeleke Minalesh Tera. Tera ni safu ya wafanyabiashara wa aina moja, na minalesh maana yake una nini, mwanamke, ule wito wa wanunuzi wa vyakavu wanaopita mlango kwa mlango. Huko hakuna kitu kinachokufa. Niliwahi kusimama pale nusu saa nikimtazama mzee mmoja. Alikuwa na kopo la mafuta ya kupikia, la bati. Alilikata kwa mkasi wa bati, akalifungua likawa bapa, akaligonga kwenye kipande cha reli kwa nyundo fupi, mdundo mmoja usiobadilika, akapinda kingo, akatoboa matundu kwa msumari safu kwa safu. Likawa jiko la mkaa, na maandishi ya kampuni ya mafuta bado yanasomeka ubavuni, kichwa chini. Fundi wa Gerezani, Dar, angemsalimia kama mwenzake. Jirani na soko ni Msikiti wa Anwar, wa enzi za Waitaliano, na kanisa la Raguel haliko mbali nao. Asubuhi adhana na mahubiri ya spika hugombea anga moja.

Onyo moja. Vijana wawili wenye adabu, Kiingereza safi, watakuambia wao ni wanafunzi na leo kuna sherehe ya utamaduni. Nilipokuwa mgeni niliwafuata. Nyumba nzuri, wasichana wakicheza, vinywaji nisivyoagiza vikija, na mwisho bili iliyonilaza na chai kavu wiki nzima. Ikikutokea barabarani, cheka, sema asante, endelea. Na fedha ubebe birr taslimu za kutosha. M-Pesa ipo Ethiopia tangu 2023, ila laini yako ya Tanga usiitegemee.

Kama una moyo wa kuvumilia, pita alasiri kwenye makumbusho ya Ugaidi Mwekundu pale uwanja wa Meskel, yaliyofunguliwa mwaka 2010 kwa ajili ya waliouawa enzi za Mengistu, kiongozi wa ile Derg. Baadhi ya wanaoongoza wageni ni watu walionusurika wenyewe. Kuna mafuvu ndani ya makabati ya kioo. Mimi huingia mara moja kwa mwaka, inanitosha.

Na majengo ya Umoja wa Afrika? Usiyadharau kwa sababu wenzako waliyachoka. Ila anza na lile la zamani, Africa Hall, lililofunguliwa 1961 na kukarabatiwa hivi karibuni. Humo ndimo OAU, mzazi wa Umoja wa Afrika, ilipoanzishwa Mei 25, 1963. Omba nafasi mapema kupitia waandaaji wa semina yako, maana ni eneo la Umoja wa Mataifa na mlango haufunguki kwa tabasamu. Ukishaingia utakuta dirisha la vioo vya rangi la Afewerk Tekle, mita za mraba 150, sehemu tatu: Afrika iliyofungwa, Afrika inayojikwamua, Afrika inayosimama. Mkutano ule wa 1963 ndio uliozaa Kamati ya Ukombozi na kuipeleka makao Dar es Salaam, kwa hiyo nusu ya historia ya jengo hilo iliendelea kwetu, kwenye kambi za Kongwa na Nachingwea. Kwenye makao mapya ya AU, jumba la Amani na Usalama limepewa jina la Julius Nyerere, na sanamu yake ilizinduliwa mbele yake Februari 18, 2024. Utapiga picha na Mwalimu, Mwalimu. Sisi wakalimani tuna kisa tunachokipenda cha Addis: Julai 2004 Joaquim Chissano wa Msumbiji, akimaliza uenyekiti wa AU, alisimama akahutubia kwa Kiswahili, na vibandani watu wakahaha kwa sababu hapakuwa na aliyejiandaa kukitafsiri. Kiswahili kikapitishwa kuwa lugha ya kazi ya Umoja huo mwaka 2022.

Jumamosi usiku, usilale mapema. Tafuta azmari bet. Azmari ni mwimbaji wa papo kwa papo mwenye masinko, zeze la uzi mmoja na sanduku la ngozi. Bet ni nyumba, neno lile lile la Kiarabu lililotupa sisi ubeti wa shairi. Pombe inauzwa, ndiyo, lakini soda ipo na hakuna atakayekulazimisha. Azmari atazunguka meza kwa meza akiwaimba wageni, na ukumbi utaangua kicheko kabla hujajua umesemwa nini. Ufundi wao unaitwa sem-ena-werq, nta na dhahabu. Sonara humimina dhahabu kwenye umbo la nta, nta ikayeyuka, dhahabu ikabaki. Maneno yanayosikika ni nta, yaliyokusudiwa yako chini yake. Mtu wa Tanga, mji wa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, hahitaji kufundishwa fumbo! Wewe umekulia mahali ambapo mwanamke anainuka kwenye taarabu na noti mkononi kumtunza mwimbaji, na kila aliyeketi anajua kijembe kimekwenda kwa nani. Hapa pia watu hutunza, isipokuwa noti hubandikwa kwenye paji la uso la mwimbaji, pale pale kwenye jasho. Nilimpeleka bibi mmoja wa Kimombasa, hajui Kiamhari hata salamu. Ubeti wa tatu akanigusa: "Huyo mwenye koti anaambiwa bahili." Nikamuuliza azmari baadaye. Ndivyo ilivyokuwa.

Jumapili asubuhi panda Entoto, zaidi ya mita 3,000. Njiani pale Shiro Meda kuna maduka ya nguo za kufumwa kwa mkono, pamba nyeupe yenye tarizi pindoni. Nunua netela hapo, shela nyepesi, bei ya hotelini usiiguse. Juu kuna kanisa la Maryam, ambako Menelik alitawazwa mfalme wa wafalme mwaka 1889, na msitu mzima wa mikaratusi. Mikaratusi si ya asili. Kambi na mji vilikuwa vimemaliza kuni za vilima, ikaonekana mji utahama kama miji mikuu ya kabla yake ilivyohama, ndipo miti ikaletwa kutoka Australia, ikaota haraka, na Addis ikabaki ilipo. Wenyeji wanaiita bahir zaf. Zaf ni mti. Bahir unaijua, unaisikia usiku ukilala.

Ukishuka, mtu atakukaribisha kahawa. Kama hakuna, jikaribishe, vibanda viko kila mtaa. Majani mabichi yametawanywa sakafuni. Dada ameketi kwenye kigoda, anakaanga buni kwenye kikaango kidogo mpaka zinatoa mafuta, kisha anazunguka na kikaango chenye moshi mbele ya kila mgeni, nawe unauvuta moshi kwa mkono. Ubani unafukizwa pembeni. Kahawa inatwangwa, inachemshwa ndani ya jebena ya udongo mweusi, binamu wa mdila wenu wa barazani, na badala ya kashata unaletewa bisi. Vikombe havina mkono, vidogo, vinajazwa hadi ukingoni. Mmiminiko wa kwanza ni abol, mkali. Wa pili tona. Wa tatu bereka, mwepesi, na huo ndio wenye baraka, jina linasema lenyewe. Kuondoka baada ya wa kwanza ni kama kuaga katikati ya dua. Hesabu saa nzima na zaidi.

Kwa hiyo usiianze ya mwisho ikiwa jua limeshazama. Ndege yako ya 23:00 ni saa tano usiku, na Bole wanataka uwe mlangoni masaa matatu kabla. Mwambie dereva akufikishe uwanjani hulet seat, saa mbili usiku, na umwambie kwa Kiamhari hivyo hivyo. Kiingereza usikiguse.